Mafundo Sita na Kidole Kimoja

Kidole chenyewe kilikuwa kile cha mwisho, cha mguu wa kulia, kidole ambacho mtu hana habari nacho mpaka kimkwaze. Vitalis alikaa nacho miaka arobaini bila kukitupia jicho. Kisha masika moja, miaka miwili baada ya vita vya pili kwisha, kikaanza kuuma, na tangu siku hiyo hakuwa na kitu kingine cha kufikiria.

Hakujikwaa wala hakuchomwa. Hilo lilimchosha kuliko maumivu yenyewe, maana kila aliyemweleza alimwuliza, "Umejikwaa wapi?" Mwenye jeraha huheshimika. Huonyesha damu, huonyesha usaha, akapewa pole na kigoda. Vitalis alikuwa na kidole kizima, chenye ukucha wake, kilichouma tangu alfajiri mpaka anapolala. Alipokionyesha, watu walikitazama, wakamtazama na mwenyewe, kisha wakaendelea na mambo yao.

Alikuwa mkata mkonge katika shamba la Mgiriki mmoja, ng'ambo ya mto Mkondoa, mwendo wa saa moja kutoka stesheni ya Kilosa. Alitoka kwao Ungoni akiwa manamba, mmoja wa wale walioandikwa mkataba huko huko makwao, wakapakiwa kwenye lori na kuitwa kwa namba kabla ya kuitwa kwa jina. Mkataba ulikwisha zamani. Wenzake walirudi, yeye akabaki, na sababu ya kubaki aliijua kila mtu kambini: Mwanakheri, mwanamke wa Kisagara aliyekuwa na nyumba yake na shamba lake la mpunga kijijini, upande wa pili wa mto. Mwanakheri alikuwa mjane. Binti yake mmoja, Joha, alikuwa ameolewa Magole. Yeye Mwislamu, Vitalis Mkristo wa misheni. Hapakuwa na shehe wala padri aliyewafungisha ndoa, na hawakuwahi kuwasumbua kwa jambo hilo. Vitalis alimwita Mama Joha, naye Mwanakheri akamwita Baba Joha, ingawa mtoto si wake. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka minane.

Watu hudhani kazi ya mkata mkonge ni ya mikono. Ni kazi ya miguu. Unapewa mstari wako kabla jua halijatoka, unakata majani, unaondoa ncha yenye mwiba, unayafunga thelathini thelathini, kisha unajitwika mafungu kichwani mpaka kwenye reli ya toroli. Mzigo wote ule hushuka shingoni, ukapita mgongoni, ukaenda kukaa miguuni. Vitalis aliona kama shamba zima la Mgiriki linakuja kukalia kidole chake kimoja.

Mwanakheri alimtibu kwa kila alilojua. Kwanza alitafuta funza kwa sindano, akatafuta tena, hakupata hata alama. Akamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Akampaka mafuta ya nyonyo, akamfunga kitambaa, akamkataza kuvaa katambuga za mpira wa gari, kisha alipoona mguu mtupu haukusaidia akamwambia azivae tena. Kwa dresa wa shamba, mfunga vidonda na mgawa dawa, kijana mpole aliyeitwa Simoni, Vitalis alikwenda mara nyingi hata akaona haya. Simoni alikibonyeza kidole, akakipaka dawa ya rangi ya zambarau, akasema, "Mzee, mimi sioni kitu."

"Na mimi sikioni," Vitalis alimjibu. "Nakisikia tu."

Nyapara Mwinshehe naye alikuwa na maneno yake. "Bwana Kidole ameamkaje leo?" aliuliza kila asubuhi mbele ya watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vitalis alikwenda kwenye mstari wake akikanyagia kisigino, na sehemu ya nje ya mguu akiinyanyua kidogo. Miaka miwili alitembea hivyo, hata watu wakamjua kwa mbali kwa mwendo ule.

Mwaka wa tatu ikaja barua kutoka kwao. Dada yake, Hildegarda, aliiandikisha kwa katekista, na katekista mwingine akaja kumsomea Vitalis kambini. Mama yao ameshapofuka. Hadai kitu. Anataka tu, kabla hajafa, azisikie nyayo za Vitalis zikiingia uani, maana anasema hata leo anaweza kuzitambua kati ya nyayo mia.

Jioni ile Vitalis alivuka mto na barua mfukoni. Alimkuta Mwanakheri anapepeta mchele. Hakujua namna ya kulianza jambo kama lile, basi akaliangusha kama mtu anavyotua mzigo uliomshinda.

"Mama Joha, nyumbani wananiita. Nikimaliza vipande sita, nakwenda."

Kipande ni ile kadi ya kazi, yenye siku thelathini, na nyapara huitia alama kila siku unapomaliza mstari wako. Sita ni kazi ya miezi minane hivi, zaidi kwa mtu anayekosa siku kwa ajili ya maumivu.

"Sita?" Mwanakheri aliuliza.

"Sita."

Akaendelea kupepeta. Vitalis alingoja neno jingine, halikuja, naye akashukuru kwamba limepita kwa amani. Wanaume tuna ujinga huo wa kudhani kwamba mtu aliyenyamaza ameridhika.

Ilikuwa kiangazi, kipande cha nne kikiwa katikati, Lazaro alipokiona kidole. Lazaro alikuwa Mhehe wa Iringa, mkata mkonge mwenzake, tena mtani wake. Mhehe na Mngoni ni watani kwa sababu babu zao walipigana vita, kila upande unasema ulishinda, na mpaka leo hulipana kwa maneno. Mtani akikuita mbwa, unacheka. Akikunyang'anya chakula mkononi, unacheka. Ukikasirika, kosa ni lako. Na siku ukifa, yeye ndiye atakayeshughulikia mazishi yako, huku akikusema vibaya mbele ya wafiwa.

Walikuwa wameketi kivulini mwa toroli, watu kama kumi, wakila. Vitalis alivua katambuga, akaupumzisha mguu juu ya fungu la majani. Lazaro akainama, akakitazama kidole kwa chini, pale kinapoungana na unyayo.

"Haya, njooni muone. Mngoni amefungwa kama kuku wa sadaka."

Watu wakasogea. Kweli, kulikuwa na mfuo. Ulikuwa mwembamba, umekizunguka kidole shinani, umezama katika nyama, utadhani mtu amekizungushia uzi wa mkonge akaukaza. Vitalis mwenyewe alikuwa hajauona; nani hujikunja mpaka akatazama chini ya kidole chake cha mwisho?

"Huyo ni mwanamke wa Kilosa," Lazaro alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehutubia baraza. "Kasikia Mngoni wake anataka kurudi kwao. Kamfunga uzi wa mguu ili asivuke hata Mikumi. Na afanye hivyo, maana Wangoni kukimbia ndiyo kazi yenu. Babu yangu anakumbuka migongo yenu tu, sura hakuziona."

Watu walicheka, na Vitalis alicheka pamoja nao, akamrudishia Lazaro la kwake kuhusu Wahehe na mbwa. Ungekuwa utani wa kuishia pale pale, kama ulivyokusudiwa. Lakini mtu aliyeumwa miaka mitatu bila sababu ana njaa ya sababu. Ukimtupia yoyote ataidaka, hata kama umeitupa kwa mchezo. Alipokuwa anavuka mto jioni hakuwa anacheka tena.

Alianza kutazama. Nyumba ile ilikuwa imejaa nyuzi, naye alikuwa ameishi humo miaka minane asizione. Mwanakheri aliokota makapi ya mkonge, akayasokota pajani, akafungia kila kitu: kuku, mlango, mizigo ya kuni, mdomo wa gunia la mpunga. Vitalis alivitazama vidole vya Mwanakheri vikisokota. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii imevunja nyumba nyingi, nayo ikamwingia kichwani ikakaa.

Jumapili moja Mwanakheri alikwenda shambani kufukuza ndege kwenye mpunga. Vitalis akapekua. Alitazama darini, akatazama chini ya mkeka, mwisho akapiga magoti na kutia mkono chini ya kitanda, upande wa miguuni, upande anaolala yeye. Vidole vyake vikagusa uzi. Ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa kitanda, uzi wa mkonge uliosokotwa vizuri, na ulikuwa na mafundo matatu. Sehemu iliyobaki ilikuwa na mikunjo mikunjo, kama uzi uliokuwa na mafundo mengine yakafunguliwa. Mikunjo hiyo aliiona kwa macho tu, hakuitia akilini.

Mwanakheri alimkuta ameketi jikoni mbele ya mafiga, uzi uko mkononi.

"Ni wako?"

"Ni wangu."

"Uliufunga wewe?"

"Niliufunga mimi."

Angeuliza swali moja zaidi tu. Hakuuliza. Aliutupa uzi motoni, nao mkonge mkavu huwaka upesi, haukuchukua muda wa kukohoa. Kisha alisema maneno ambayo mtu hasemi mpaka awe amechoka sana, na kuchoka si udhuru: kwamba amemlemaza kama mnyama, kwamba mama yake atakufa bila kusikia nyayo zake kwa ajili ya mwanamke aliyeshindwa kumwacha mtu aende. Mwanakheri aliutazama moto. Vitalis akachukua blanketi yake na panga lake, akavuka mto.

Kambini alipewa nafasi katika chumba cha Lazaro. Alilala akingoja kidole kipone. Uzi umeungua, aliyeufunga ameshajulikana, kilichobaki ni kupona. Kikauma kesho yake, kikauma wiki ile, kikauma na wiki iliyofuata, tena zaidi, na mfuo ukazidi kuzama. Hakumwambia mtu kwa nini amehama. Alisema tu kwamba njia ya kuvuka mto inamwumiza mguu.

Simoni dresa alipouona mfuo ule hakusema tena kwamba haoni kitu. Alimwandikia cheti aende hospitali ya Kilosa, na Lazaro akaomba ruhusa amsindikize. Daktari Mzungu alikigeuza kidole huku na huku, taratibu, akauliza kwao ni wapi, ametembea peku miaka mingapi, na je, yupo mwingine katika ukoo wao aliyekuwa hivi. Kisha akasema, naye mkalimani akatafsiri, kwamba ugonjwa huo ameuona mara kadhaa kwa watu wa Afrika. Una jina lake katika vitabu. Hujikaza wenyewe polepole, miaka na miaka, mpaka kidole kinakatika. Si donda, si funza, si sumu. Unasababishwa na nini, hata wenye vitabu hawajui.

"Mwambie ukweli," Vitalis alimwomba mkalimani. "Mtu anaweza kukifunga?"

Mkalimani aliuliza. Daktari alitikisa kichwa, akasema neno fupi.

"Anasema hapana. Hakuna aliyekufunga."

Wakatoka nje. Chini ya ukuta wa hospitali Vitalis aliketi, akamweleza Lazaro yote: uzi, mafundo, moto. Lazaro alimsikiliza, na uso wake ukabadilika. Vitalis hakuwahi kumwona katika hali ile.

"Mimi ni mtani wako," Lazaro alisema polepole. "Nikisema wewe ni maiti, utakwenda kulala kaburini? Maneno ya mtani huachwa pale pale yalipotemwa. Wewe umeyabeba ukayapeleka nyumbani kwa mwanamke."

"Niliona uzi, Lazaro."

"Uliona uzi katika nchi ya mkonge."

Kesho yake Lazaro alikwenda kijijini peke yake, maana mtani akiharibu, mtani hutengeneza. Aliporudi hakuwa na mengi. Alimwamkia shemeji, shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alimwomba radhi mpaka chini, akapewa uji. "Amesema kama una neno, uende mwenyewe, kwa miguu yako."

Vitalis hakwenda. Alisema mguu unauma, na kweli uliuma, lakini sasa maumivu yale yalikuwa yanamfaa, yakamkinga na aibu. Wiki moja ikawa mwezi, mwezi ukawa miwili. Alimaliza kipande cha nne, akamaliza na cha tano. Kila Jumapili alijiambia kwamba Jumapili ijayo mguu utakuwa na nafuu.

Kidole kilikatika siku ya kazi, saa nne asubuhi, kwenye mstari. Alihisi kitu kimelegea ndani ya katambuga, akaivua, akakikuta kimelala pembeni. Hakuna damu, ila tone moja. Hakuna maumivu. Alikaa chini akasubiri maumivu yaje, hayakuja, na kule kukosekana kwake kulimshtua hata akashika kichwa. Miaka mitatu na zaidi, na yamekwisha kwa namna hiyo, bila kuaga.

Lazaro alikizika. Alikifunga katika kitambaa, akachimba kwa panga mwisho wa mstari, akawaita wakataji wote wakakusanyika na kuvua kofia, hata nyapara Mwinshehe. "Hapa tunamlaza Mngoni," alisema. "Si Mngoni mzima, kwa bahati mbaya. Ametangulia huyu aliyekuwa na akili, aliyekataa kubebeshwa mizigo. Waliobaki tutawasubiri." Watu walicheka mpaka wakatoa machozi, na Vitalis alicheka, na kwake machozi yalikuwa ya mambo mawili.

Siku hiyo hiyo, kazi ilipokwisha, alioga, akavaa shati la Jumapili, akavuka mto. Hakuwa na udhuru tena. Njiani alipanga maneno. Atasema haendi kwao kukaa. Atakwenda amsikilizishe mama nyayo zake, kisha atarudi, afie hapa hapa Kilosa. Alishangaa jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi, na jinsi yalivyokuwa ya kweli, na kwamba hakuwahi kuyasema.

Alikuwa amezoea kuingia kwa nyuma, kwa njia ya jikoni. Mwanakheri alimsikia, akatoka kumpokea mbele. Aliweka kigoda barazani, akafuta vumbi kwa khanga, akamletea maji katika kikombe cha bati chenye maua, kile cha wageni.

"Karibu, Bwana Vitalis. Mguu unaendeleaje?"

Alilisikia lile Bwana Vitalis. Akaketi. Akasema kidole kimetoka, kwamba daktari amesema hakuna aliyemfunga, kwamba amekosa, amekosa sana, na akasema yote aliyoyapanga njiani, hata la kwenda na kurudi. Mwanakheri alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Ungesema hivyo siku ile ya barua," alisema.

"Hukuniuliza."

"Uliniambia sita, halafu unakwenda. Hukusema unarudi. Mimi sijui kusoma kadi yako. Nilisokota uzi nikapiga mafundo sita. Kila ulipoleta kipande kilichojaa, nilifungua fundo moja, nikajua zimebaki siku ngapi za kuwa na wewe. Niliuweka pale mguuni pa kitanda ili niuguse ninapoamka. Nilikuwa najizoesha."

Vitalis aliona tena uzi ule, mafundo matatu na mikunjo ya yale mengine. Akaona na moto.

"Na nikwambie kosa langu, usiseme nilikuficha," Mwanakheri aliendelea. "Siku ulizoshindwa kwenda kazini kwa ajili ya kidole, kipande kilichelewa kujaa. Nilikukanda huku nafurahi moyoni. Nilimwomba Mungu siku zichelewe. Sikumwomba uumie. Lakini ulipoumia, nilishukuru. Hilo nalijutia mpaka leo."

"Mama Joha, yameshapita. Nimekuja. Siendi kukaa kule."

"Ulipouchoma ule uzi, mafundo matatu yaliungua mara moja. Nikaona basi, siku zangu zimekwisha leo. Nikalia. Nililia siku nyingi, Joha alikuja kukaa nami, Lazaro hakukwambia kwa sababu sikumwambia. Sasa nimemaliza." Alikitazama kikombe mkononi mwa Vitalis. "Mtu haliliwi mara mbili, Bwana Vitalis. Mama yako yuko hai, anakungoja. Nenda kwake wakati mguu hauumi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira Vitalis angekaa, angebembeleza, angerudi kesho na keshokutwa, maana hasira hupoa. Alisema kama mtu aliyemaliza kupalilia shamba kubwa na hana nguvu ya kuanza tena. Vitalis alikunywa maji yote, kwa sababu hakujua la kufanya lingine, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Akaaga, akaitikiwa.

Alipofika mtoni alivua katambuga. Akaingia majini akikanyagia kisigino, sehemu ya nje ya mguu ameinyanyua, kama alivyozoea, mpaka alipofika katikati ndipo akakumbuka kwamba hakuna kinachouma. Akasimama pale maji yakimpita magotini. Alijaribu kukanyaga unyayo wote. Ulikanyaga vizuri. Alitamani uume, hata kidogo.

Lazaro alikuwa mlangoni, anamngoja. Alimtazama anavyokuja, akamtazama miguu, kisha uso.

"Vipi mguu?"

"Hauumi," Vitalis alisema, akampita akaingia ndani.

Na Lazaro, ambaye ni mtani na ana ruhusa ya kusema lolote, hakusema kitu.